Mkanda Uliolala Sandukuni

Ninyi mliokaa Ngokolo, mjini Shinyanga, miaka ile ya themanini na kitu, mnazikumbuka Ijumaa za nyumbani kwa Nassibu. Baada ya sala bwana yule alivua kanzu, akakunja suruali, akaosha pikapu yake ya dizeli mpaka ikang'aa, huku Mwaisha mkewe akipepea moto wa pilau uani. Sabuni ya mche tulikuwa tunaikata vipande tukagawana na jirani. Shida zilikuwepo, lakini jamani, tulikuwa na raha zetu.

Pikapu ile ilinunuliwa kwa ng'ombe ambao Mwaisha aliachiwa na baba yake. Kila wiki Nassibu aliipeleka Nkome, ziwani, akarudi na magunia ya dagaa, na Mwaisha akauza sokoni. Karo ya watoto, unga, mafuta ya taa, vyote vilitoka humo. Gari likisimama, na sufuria inasimama. Hilo Mwaisha alilijua kuliko mtu yeyote.

Siku moja fundi wao, Thobias, aliona maji yakidondoka mbele ya injini. Akafungua kifuniko, akaishika puli, kile kigurudumu cha pampu ya maji, ikacheza kama jino bovu. Akauchungulia na mkanda wa taimingi, akakuta umeota nyufa. Akawaeleza kwamba pampu inazungushwa na mkanda huohuo, kwa hiyo vibadilishwe vyote kwa mkupuo mmoja. Pampu ikikwama, itaukata mkanda.

Spea enzi zile zilikuwa za kutafutwa kwa tochi. Iliwachukua miezi minane, mpaka Muhidini, kaka yake Mwaisha aliyefanya kazi Dar es Salaam, akawatumia mkanda mpya na pampu mpya ndani ya maboksi yake. Nyumba nzima ilifurahi. Thobias akasema aachiwe gari siku moja tu.

Lakini mnajua tulivyokuwa. Kitu kipya kilikuwa hakitumiwi! Vikombe vya kabatini vilingoja mgeni, shuka jipya lilingoja mtu alazwe hospitali. Basi Nassibu akavifunga vile vitu ndani ya khanga, akavitia sandukuni chini ya kitanda. Mgeni akija, baada ya shikamoo na marahaba na kikombe cha chai, sanduku linavutwa, khanga inafunguliwa, na mgeni ananusishwa harufu ya mpira mpya.

Mwaisha alimkumbusha mara moja. Nassibu akamjibu kwa upole kwamba mkanda wa zamani bado unazunguka.

"Akiba haiozi, Mama Zamoyoni," alisema.

Mwaisha akanyamaza. Na tuseme ukweli, naye alipenda sanduku lile lifunguliwe mbele ya mashoga zake.

Ikapita miezi mitano. Nassibu alikuwa akiongeza maji kwenye rejeta kila asubuhi, anaondoka zake. Masika ilipoanza, siku ya Jumatano, akiwa anarudi kutoka Nkome na shehena ya dagaa, injini ikazimika ghafla karibu na Kharumwa. Haikukohoa wala haikutoa moshi. Mkulima mmoja wa hapo, Bujiku, akafunga ng'ombe wake wa plau, wakalivuta gari mpaka uani kwake.

Habari zilipomfikia Mwaisha, Mungu amsamehe, alifurahi. Siku ya sanduku imefika! Akatoa vile vitu, akamchukua Thobias, wakapanda basi. Njia nzima alivipakata mapajani, akiwaeleza abiria kwamba gari lao limeharibika lakini spea wanazo.

Wakamkuta Nassibu anatabasamu.

"Umeona? Ningevitumia vile, leo ningekuwa na nini?"

Thobias alifungua, akakuta pampu imekwama kabisa na mkanda umekatika vipande viwili. Akafunga pampu mpya, akapanga alama zake, akavisha mkanda mpya. Kisha akaizungusha injini kwa spana, polepole. Ikagota. Akarudisha nyuma, akajaribu tena, ikagota palepale. Akavua tena alichofunga, akafungua silinda hedi, kile kichwa cha injini, akainama kuchungulia ndani.

"Mkanda huu ndio unaozipangia valvu na pistoni zisikutane," alisema, akimtazama Mwaisha badala ya Nassibu. "Ulipokatika gari likiwa kwenye mwendo, zikagongana. Valvu zimepinda, pistoni mbili zimetoboka. Ulichobeba, mama, ni kizima na ni kizuri. Injini ya kukifunga ndiyo hamna tena."

Mwaisha alikaa chini kwenye tope, pembeni ya dagaa waliokwisha kulowa na kuanza kunuka. Alilia mbele ya watu asiowajua. Mke wa Bujiku akamshika bega, akamwambia, "Pole, mayu," yaani mama kwa Kisukuma. Tangu aolewe Mwaisha hakuwahi kumwita mumewe kwa jina. Siku ile alimwita.

"Leo umewamaliza ng'ombe wa baba yangu, Nassibu."



Injini nyingine haikupatikana, si Mwanza wala Dar. Pikapu iliuzwa kipande kipande, magurudumu yakaishia kwenye mkokoteni. Nassibu akaenda kuchimba dhahabu Geita, akarudi baada ya miaka miwili na kifua kibovu. Mwaisha aliwasomesha watoto kwa kukaanga maandazi stendi, ila Zamoyoni, binti yao mkubwa, aliishia darasa la saba. Mpaka leo jambo hilo linamuuma.

MAFUNZO

Ndugu zangu, akiba haiozi, ni kweli, lakini kinga si akiba. Dawa, chandarua, mkanda wa gari, hivi hufaa kabla ya balaa. Fundi akikwambia badilisha, badilisha angali anasema.

Na wewe uliyeona kosa ukanyamaza kwa sababu linakupa sifa, usijitoe kwenye lawama. Hili la mwisho si langu. Mwaisha mwenyewe ndiye aliyeniomba nisiliache.