Omu Moja Kisimani

Dhoruba ya mchanga iliwakuta katikati ya jangwa, na dereva, ambaye tangu azaliwe hajampisha mtu njiani, hakuipisha hata hiyo. Lori likaingia korongoni kichwakichwa. Rejeta ilipasuka, mguu wa dereva ukavunjika chini ya goti, na madumu ya maji yakapasuka yote kabla fundi aliyesafiri naye hajaufungua mlango wa upande wake.

Fundi alikuwa mjane wa kaka yake dereva. Alimfunga mguu kwa mbao za kreti, akamlaza chini ya lori penye kivuli, akamwambia hawatakosa mpita njia. Hakupita mtu. Maji ya chupa yaliisha, na dereva akaanza kuongea na marehemu kaka yake kana kwamba amekaa naye pale. Hapo fundi aliogopa kwelikweli. Mama mkwe alizaa wana wawili. Mmoja ameshamzika, na aliyebaki ndiye huyu.

Jirani na korongo kulikuwa na kisima kirefu kilichoachwa, bomba la chuma tu limechomoza ardhini, mitambo yake imeng'olewa zamani. Fundi aliangusha kokoto ndani. Ilikawia sana, ndipo akasikia maji.

Nyuma ya lori kulikuwa na mzigo wa mteja: pampu ya kuzamisha, mpira wa maji, na kebo nene kama kidole gumba, ndefu mara nne ya kina cha kisima kile. Lakini karakana ya baba mkwe ilikuwa na amri isiyojadiliwa: kebo ya mteja haikatwi. Pampu ikilowa hufutwa, mpira ukilowa hukauka, kebo ikikatwa imekatwa. Fundi aliishika amri hiyo miaka yote, na hata sasa, mate yamemkauka mdomoni, mkono wake uliikwepa kebo wenyewe. Akachukua kwenye sanduku la zana vipande vya waya mwembamba walivyozoea kujaribia pampu ndani ya pipa kule karakanani, akaviunga kimoja kwa kingine mpaka vikatosha kufika majini. Havikuwahi kumwangusha.

Alibeba betri za lori moja moja, akaziunganisha zikatoa volti ishirini na nne, akawasha. Pampu ilinguruma chini kabisa. Maji hayakuja. Alipoushika waya aliukuta una joto, na si kwenye maungio peke yake, bali kote. Akazima upesi.

"Shemeji," dereva aliita kutoka kivulini. "Yanakuja?"

"Yanakuja."

Sauti yake mwenyewe ilimtisha. Aliivuta pampu juu mpaka viganja vikachubuka, akaifungua, na mahali pake mwishoni mwa waya akafunga taa ya mbele ya lori. Halafu akachukua mita ya kupimia umeme. Kwenye betri, volti ishirini na nne. Kwenye taa, ishirini na moja. Volti tatu zilipotelea njiani, na ampea zilizopita zilikuwa tatu. Volti ukizigawa kwa ampea: ukinzani wa waya, yaani unavyouzuia umeme, ni omu moja.

Omu moja si kitu kwa taa. Lakini pampu huvuta ampea kumi, na ampea kumi zikipita kwenye omu moja zinakula volti kumi. Pampu inaachiwa kumi na nne. Volti mara ampea ndiyo nguvu. Betri zilikuwa zinatoa wati mia mbili na arobaini, mia nzima zinapasha waya moto bure, na zilizobaki haziwezi kupandisha maji kutoka shimo refu namna ile. Karakanani kila kipande kilikuwa kifupi na pipa liko miguuni. Angelijua hilo mapema kama kiu isingekuwa imeshamla akili. Sasa betri zimechoka, na mgonjwa amechoka zaidi. Kebo nene ingepitisha umeme bila kuula, lakini ikiachwa nzima, urefu wake mara nne ungekula volti ambazo betri hazina tena.

Alimwendea dereva, kwa kuwa mzigo alikabidhiwa yeye, akamweleza kwamba anakata kebo.

Dereva alifumbua jicho moja. "Baba atatuua."

"Tufike kwanza, ndipo atuue."

Aliikata kwa msumeno wa chuma, akaifunga kwenye pampu, akaishusha. Aliinua mita apime betri zimebakiza nini, akasita, akairudisha mfukoni. Akawasha. Mpira ulikohoa upepo, ukatema tope, ukanyamaza kitambo kirefu cha kutisha. Kisha maji yakaja. Alikinga ndoo na sufuria mpaka mtiririko ukawa uzi, uzi ukakatika, na betri zisiweze kuwasha chochote tena. Alimnywesha shemejiye kidogo kidogo kwa kifuniko cha chupa, naye akililia maji kwa matusi. Fundi aliyafurahia matusi yale.

Wachimba chumvi ndio waliowakuta, maji yakiwa yamebaki ya kulowesha kitambaa tu. Wakiwa juu ya magunia ya chumvi kwenye gari lao, dereva alimgeukia fundi.

"Wewe hupima kila kitu. Mara ile ya pili betri ulizikuta na volti ngapi?"

"Sikupima."

"Kwa nini?"

"Ningeona hazitoshi," fundi alisema, "nisingewasha. Ningekuja tu kukaa karibu yako."

Dereva aligeuza uso upande wa jangwa. Baadaye mkono wake ulipapasa juu ya magunia, ukaupata wa shemejiye wenye malengelenge, akaushika hivyo mpaka wakaanza kuziona nyumba.