Sifa za Kulipia

Kinyozi alikuwa na neno moja kwa vichwa vyote. Kila alipomaliza kunyoa alimvua mteja kitambaa, akampuliza vinywele shingoni, akashika kioo kidogo nyuma ya kisogo chake. Kisha akasema, "Umependeza, bosi!" Aliyependeza aliambiwa hivyo. Asiyependeza naye aliambiwa hivyo hivyo. Siku moja mashine ilimponyoka, ikamchimbia mteja mfereji juu ya sikio. "Umependeza, bosi," alisema kinyozi. "Ndiyo mtindo wa sasa." Mteja akalipa, akavaa kofia, akaenda zake.

Duka lake lilikuwa dogo. Lilikuwa na kioo kikubwa, redio, benchi la kungojea na kiti kimoja chenye ugonjwa. Kiti hicho kilikuwa kikizama chenyewe, polepole. Mteja alianza kunyolewa akiwa juu kama hakimu. Alipomaliza, magoti yake yalikuwa karibu na kidevu. Kinyozi alikuwa akiweka akiba ili anunue kiti kingine.

Alikuwa na mke, mshona nguo, na binti wa miaka kumi na miwili. Binti huyo aliitwa Sisimizi, kwa sababu alikuwa mdogo wa umbo na hachoki. Sisimizi alipenda mpira kuliko kula. Hakufunga mabao mengi. Kazi yake ilikuwa kunyang'anya mpira na kumpa mwenzake aliyekaa vizuri. Akishatoa pasi, alikuwa ameshakimbilia kwingine.

Jioni, baada ya kula, Sisimizi aliisimulia mechi kwa vyombo. Vikombe vilikuwa timu yake. Vijiko vilikuwa wapinzani. Kizibo cha chupa kilikuwa mpira. Kikombe chenye mpini uliovunjika kilikuwa golikipa, maana golikipa wao naye alipenda kusimama upande. Mama aliacha cherehani yake akaja kusikiliza. Baba alicheka mpaka akashika mbavu. Yeye hakuwa akienda uwanjani, kwani Jumamosi ndiyo siku ya vichwa vingi. Mechi zote za binti yake alizijua kwa vikombe.

Siku moja mteja mmoja, akiwa ameshazama nusu kwenye kile kiti, alimwonyesha kinyozi kitu kwenye simu.

"Hawa wanaitwa Jicho Kali," alisema. "Unawatumia video ya mtoto, unalipa, wanampima kipaji. Halafu wanampa nafasi yake kati ya watoto wote. Wakubwa wa klabu wanaangalia huko huko."

Kinyozi alizima mashine. "Watoto wote?"

"Wote. Wa kwanza mpaka wa mwisho."

Usiku huo kinyozi alimweleza mkewe. Mkewe alikuwa na pini mdomoni. Alizitoa kwanza.

"Huyo mpimaji amemwona mtoto wapi?"

"Kwenye simu."

"Mimi sishoni gauni kwa kuona picha ya mtu kwenye simu. Nataka mtu asimame hapa nimpime."

"Wewe unashona nguo, mke wangu. Hawa ni wataalamu."

Mkewe akazirudisha pini mdomoni, na kinyozi akadhani amekubali.

Jumamosi iliyofuata alifunga duka kwa muda, akaenda uwanjani na simu. Alipiga video mechi nzima. Kusema kweli hakuiona mechi yenyewe. Aliangalia kioo cha simu tu, akihangaika kidole chake kisizibe picha. Kisha akatuma video na kulipa kwa akiba ya kiti.

Jibu lilikuja. Sisimizi alikuwa wa mia mbili na kumi na tatu kati ya wasichana wa chini ya miaka kumi na mitatu.

"Nafasi nzuri hiyo!" alisema baba, ingawa hakujua kama ni nzuri. Aliiandika kwenye karatasi, akaibandika juu ya kioo cha duka ili wateja waione.

Wateja waliiona. Watoto wa shule nao waliiona kupitia dirishani. Kufika Jumatatu, uwanja mzima ulikuwa ukimwita Sisimizi "Mia Mbili".

Sisimizi akaanza kufikiri. Alisikia kwamba wanaopanda nafasi ni wafungaji. Basi akaacha kutoa pasi. Akipata mpira aliinamisha kichwa na kukimbia nao mpaka anyang'anywe. Wenzake walimpigia kelele. Naye akawajibu vibaya, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Jioni vikombe vilibaki kabatini.

"Leo hakuna mechi?" aliuliza baba.

"Ilikuwepo."

"Mbona husimulii?"

"Hakuna cha kusimulia." Akaenda kulala. Kesho yake akasema tumbo linamuuma, hataki kwenda mazoezini. Kesho kutwa likamuuma tena. Viatu vyake vya mpira vilikauka tope mlangoni, na mama yake alipoviona moyo ulimuuma.

Kinyozi naye aliumia, lakini dawa aliyoijua ilikuwa moja. Kama nafasi ndiyo imemvunja moyo mtoto, basi nafasi ipandishwe! Jicho Kali walikuwa na huduma nyingine iliyoitwa Dhahabu. Waliahidi kumpima mtoto upya, kwa undani zaidi. Kinyozi alilipa kwa akiba iliyobaki. Kisha akaitafuta tena video ya mechi kwenye simu, asubuhi, mteja akiwa na povu kichwani, redio ikipiga kelele. Akabonyeza, akatuma, akarudi kwenye povu.

Safari hii jibu lilikuwa refu. Lilifika wakati Mwalimu Filimbi yuko kwenye kiti.

Mwalimu Filimbi alikuwa jirani yao, mama wa makamo mwenye nywele fupi. Alifundisha michezo shuleni, na jioni ndiye aliyekuwa kocha wa kina Sisimizi. Hakuivua filimbi yake shingoni hata akinyolewa. Sisimizi alikuwa amejikunja kwenye benchi, akijifanya anasoma gazeti la zamani.

"Wa tisa!" Kinyozi aliruka. "Mwanangu ni wa tisa! Mwalimu, sikiliza. 'Mchezaji huyu ana utulivu mkubwa. Hana papara. Mara nyingi husimama na kuusoma mchezo.'"

Mwalimu Filimbi aligeuza shingo. "Sisimizi? Anasimama?"

"Subiri, yako mengine. 'Mwili wake umekomaa mapema kuliko wenzake. Anatumia kifua na tumbo vizuri kulinda mpira.'"

Mwalimu Filimbi alimtazama Sisimizi, ambaye angeweza kuingia kwenye mfuko wa unga na nafasi ikabaki.

"Tumbo lipi hilo?" aliuliza.

"'Ana sauti ya uongozi. Akianguka, hucheka na mwamuzi. Akiongeza mazoezi kidogo, atafika mbali sana.'" Kinyozi alijifuta macho. "Mwanangu, umesikia?"

Sisimizi alishusha gazeti. "Baba, umetuma video ipi?"

"Ya mechi."

"Mechi ipi? Mimi sijawahi kucheka na mwamuzi. Namwogopa."

Kinyozi akafungua ile video aliyoituma. Mwalimu akanyoosha shingo, kwani kiti kilikuwa kimeshamshusha. Sisimizi akaja akachungulia chini ya kwapa la baba yake.

Uwanja ulikuwa ule ule. Lakini wachezaji walikuwa wanaume wazima. Ilikuwa mechi ya sikukuu kati ya vinyozi na mafundi magari, ambayo rafiki wa kinyozi aliipiga kwa simu ile ile. Katikati alisimama mtu mwenye kipara na tumbo lililotangulia jezi, mikono kiunoni, akitafuta pumzi. Mpira ulipita karibu naye. Akausindikiza kwa macho. Baadaye ukamjia tena, ukamgonga tumboni, akaanguka chali, akacheka na mwamuzi.

Mtu yule alikuwa kinyozi mwenyewe.

Kisha Mwalimu Filimbi akaanza kucheka, na kiti kikacheka naye mpaka kikafika chini kabisa.

"Baba Sisimizi!" alisema alipopata pumzi. "Hongera! Wewe ni wa tisa kati ya wasichana wa chini ya miaka kumi na mitatu!"

Sisimizi alicheka pia. Kicheko chake hakikuwa kimesikika ndani ya duka lile kwa muda mrefu. Kinyozi alikisikia, na aibu yake ikachanganyika na furaha.

Lakini alikuwa na hasira pia. Alipiga simu Jicho Kali, akaweka sauti ili wote wasikie.

"Hongera mzazi!" ilisema sauti nyororo. "Binti yako ana kipaji cha pekee. Ukiongeza kiasi kidogo, tutamwingiza tano bora."

"Mliiangalia ile video?"

"Kwa makini sana, mzazi."

"Yule si binti yangu. Yule ni mimi! Nina miaka arobaini na sita!"

Kisha sauti ikasema, "Hakuna shida, mzee. Tunayo pia orodha ya maveterani."

Kinyozi akakata simu.

"Wameniibia, Mwalimu."

"Wamekuuzia," alisema Mwalimu Filimbi. "Wewe mwenyewe unaijua biashara hii. Hebu niambie, kila kichwa unachonyoa unakiambiaje?"

"Kimependeza."

"Na kisipopendeza?"

Kinyozi alijikuna kipara. "Kimependeza."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu kinalipa."

"Basi ndiyo hivyo. Anayelipwa na mzazi atamfurahisha mzazi. Mtafuta vipaji wa kweli analipwa na klabu yake. Hakuombi hela ili amwangalie mtoto. Anakuja mwenyewe uwanjani, anaungua jua pale, anamtazama mtoto mechi hii na ile. Akimpenda, anazungumza na kocha na wazazi."

"Kwa hiyo kila huduma ya kulipia ni ya uongo?" aliuliza Sisimizi.

"La, mwanangu. Tusiwatie wote kapu moja. Wapo wanaopiga video nzuri kwa malipo. Kijana mkubwa anayeomba nafasi kwenye klabu ya mbali, video hiyo inaweza kumfaa. Hapo unajua unachonunua. Unanunua video. Hata hivyo, video ya simu iliyopigwa vizuri mara nyingi inatosha. Lakini ukiuziwa nafasi, uliza. Nani amemwona mtoto akicheza? Anayempima analipwa na nani? Akikutajia klabu, ipigie klabu yenyewe uihakikishe. Na akikuahidi makubwa kama ukiongeza pesa, shika mfuko wako."

"Na hii namba ya mia mbili na kumi na tatu?" Sisimizi aliuliza kwa sauti ndogo.

Mwalimu alijaribu kuinuka, lakini kiti kilikuwa chini mno. Akabaki huko huko.

"Nisikilize. Katika timu yetu kuna msichana aliyerefuka mwaka huu kama mgomba. Kuna mwingine atarefuka mwaka kesho. Kuna wewe. Mtoto wa miaka kumi na miwili bado anaumbika. Leo hodari, kesho wa kawaida, kesho kutwa hodari tena. Nani awezaye kuwapanga kama sahani? Na mtu anayehesabu mabao tu, pasi zako ataziona wapi? Mimi naziona. Tangu uache kuja, timu yangu inakimbia kama kuku waliofunguliwa."

Sisimizi alitazama vidole vyake vya miguu. Alikuwa akitabasamu.

Kinyozi akabandua karatasi juu ya kioo, akaikunja kunja, akaitupa kwenye nywele zilizofagiliwa.

"Nisamehe, mwanangu," alisema. "Nilitaka watu wajue wewe ni nani. Kumbe hata mimi sijawahi kukuangalia ukicheza."

"Ulikuja siku ile, Baba."

"Nilikuwa naangalia simu."

Jumamosi iliyofuata kinyozi alibandika tangazo mlangoni kwamba duka litafungwa jioni. Simu aliiacha kwa mkewe, na mkewe naye akaiacha nyumbani, akaja uwanjani. Walikaa kwenye nyasi. Sisimizi alinyang'anya mpira, akainua kichwa, akatoa pasi. Alinyang'anya tena, akatoa tena. Hakufunga. Timu yake ilifunga mara mbili, na mara zote mbili mpira ulikuwa umepitia kwake. Kinyozi aliona yote.

Pesa ya kiti haikurudi. Jicho Kali walimtumia ujumbe wa kumkaribisha kwenye huduma ya Almasi, basi. Kiti kinaendelea kuzama. Lakini mzazi yeyote akija na habari za kumlipia mtoto nafasi, kinyozi anamkalisha pale, anamwonyesha ile video, kisha anamsomea sifa za mchezaji wa tisa. Mpaka kiti kifike chini, mzazi ameshaelewa. Wazazi kadhaa walichanga pesa waliyotaka kuwapelekea Jicho Kali, wakainunulia timu mipira mipya. Sasa kila msichana anagusa mpira mazoezini, badala ya kungojea zamu.

Na vikombe vilitoka kabatini. Jioni ile ya Jumamosi Sisimizi alivipanga vyote, akasimulia mechi tangu filimbi ya kwanza. Kisha akaleta birika kubwa la chai, akaliweka katikati ya meza.

"Huyu ni nani?" aliuliza mama.

"Huyu ni wa tisa. Anasimama na kuusoma mchezo."

Walicheka mpaka vijiko vikaanguka. Sisimizi alipomaliza kusimulia, baba yake alijifuta machozi.

"Umecheza vizuri sana, mwanangu."

"Aa, Baba. Wewe unamsifu kila mtu."

"Wale wananilipa," alisema kinyozi. "Wewe umeshanilipa nini?"