Wimbo Uliokuwa na Mwenyewe

Bendi ya shule ya muziki ilikuwa imekwisha nyamaza na watu wanapiga makofi, lakini mle ukumbini, pale Tororo, mguu mmoja uliendelea kukanyaga sakafu kwa mdundo uleule. Mwalimu Okurut, tarumbeta ingali mkononi, aliinama kuwashukuru wageni. Alipoinuka akaona mguu ule ni wa dada yake, Alaso, aliyeketi safu ya mbele na gauni lake la kanisani, macho yamemtoka, hapepesi.

Katika watu wote wale, ni yeye tu aliyejua sababu.

Mwaka wa uhuru Alaso alipandwa na jini, akawa hali wala halali, mpaka wakampeleka Busia kwa Bi Zubaida, mganga wa kupunga pepo. Kila jini lina wimbo wake wa kuliita. La Alaso liliitikia wimbo mmoja mtamu ajabu, likapanda, likasema, likatolewa. Okurut alikuwepo, amemshika dada yake kichwa. Bi Zubaida alimwapisha kwamba wimbo ule usipigwe tena maadamu Alaso yu hai, naye akaapa. Lakini masikio ya mwanamuziki hayana adabu; yaliondoka nao.

Basi shule ilipopata habari kwamba watu wa redio watakuja kutoka Kampala na mashine yao ya kunasa sauti, Okurut, aliyefundisha jazi miaka yote ile bila hata jirani kumsifu, alitafuta wimbo wa kumtoa nyoka pangoni, na uliomjia ni huohuo. Akajidanganya vizuri tu. Ngoma ameziondoa, gitaa na saksafoni ameziweka, mwendo ameukaza. Jini gani litatambua jazi? Tena Alaso hakumwalika. Alaso alikuja mwenyewe, kwa kumwonea kaka yake fahari.

Okurut alishuka jukwaani akapiga magoti mbele ya dada yake. Nywele za Alaso zilinuka ubani na damu ya mbuzi, harufu ya chumba cha Bi Zubaida.

"Alaso," alinong'ona. "Dada, twende nyumbani."

Midomo ya Alaso ikafunguka, na sauti iliyotoka ilikuwa nzito, ya mtu mzima aliyeshiba. "Umeniita vizuri, mwalimu. Kuliko yule mama."

Nyuma yao mtu wa redio alikuwa akifunga mashine yake, anacheka. "Mwalimu, hiyo ya mwisho ndiyo yenyewe. Jumamosi jioni tunaipiga."

Okurut alipaswa kumkatalia palepale. Aliitikia kwa kichwa.

Njia nzima ya kwenda Busia, ndani ya gari la kuazima pamoja na dereva wake, Alaso aliuimba puani wimbo ule bila kuvuta pumzi, na Okurut, aliyembana mikono asijirarue, alianza kusikia chini ya sauti hiyo sauti ya pili ikishika besi, na chini ya besi kitu kama vidole vinavyogonga mlango kwa subira, kimoja baada ya kingine, na akashindwa kuomba, kwa sababu kila alipolitaja jina la Mungu ulimi wake uliliweka katika mwendo wa wimbo.

Bi Zubaida alimtazama mgonjwa, kisha akamgeukia Okurut.

"Nani ameita?"

"Wanafunzi, Bi. Hawakujua."

"Sawa. Sasa niambie ukweli. Huu wimbo imebaki mahali? Kama iko na mtu, nakwenda kuvunja huko kwanza. Mimi naweza kutoa hii kitu leo. Ikiitwa mara ya tatu haitoki, itakaa mpaka huyu mtoto afe."

Okurut aliifikiria ile mashine. Alifikiria pia Jumamosi.

"Haukubaki popote," alisema.

Jini likacheka, kicheko kifupi, likatoka bila ubishi. Bi Zubaida mwenyewe alishangaa lilivyokuwa jepesi.

Alaso alizinduka amelowa jasho. "Kaka, nilianguka? Nimekuharibia shughuli yako?"

"La, dada," akasema Okurut, na aibu ikamla nyama.

Aliapa kwamba ataifuata redio Kampala. Jumatatu alikuwa na vipindi. Jumatano ilinyesha. Jumamosi jioni Alaso aliingia kwake amechangamka, akavuta kiti karibu na redio.

"Mtaani kote wanasema utatoka leo. Mbona hukuniambia?"

"Si kitu cha maana. Nenda nyumbani, dada, mvua inakuja."

"Nikusikie kwanza."

Okurut alisimama. Kidole chake kilifika kwenye kifungo cha redio, kikakigusa. Ilibaki kukizungusha tu, na kumweleza dada yake yote, kiapo, mashine na uongo wa Busia.

Mtangazaji akaanza kulitaja jina lake. Okurut alikuwa hajawahi kulisikia likitajwa redioni, akasubiri limalizike.

Lilipomalizika, tarumbeta ilikuwa imekwisha anza.