Kipimo Kando ya Kijito

Ndugu zangu wa hapa bondeni Langkloof, na ninyi mlio mbali mnaonisikia, sogeeni. Nina neno la kuwaambia kuhusu nyumba ya jirani zangu, Izak Windvogel na mkewe Doortjie. Nitalisema lote, hata pale linaponiumbua mimi mwenyewe.

Mwaka ule, mwanzoni mwa majira ya baridi, nyumba ile ilikuwa na amani. Kila alfajiri Doortjie alipanda mlimani hadi katikati ya mitufaha yao, kwenye kisanduku cheupe chenye kipimo kinachoandika joto la kila saa. Alinakili namba katika daftari, akashuka pua nyekundu, vidole vimekufa ganzi. Izak alikuwa amekwisha kuchemsha chai ya heuningbos, kichaka cha mlimani kwetu, na kupanga mikate juu ya makaa. Alimshika mkewe vidole, akavipulizia.

"Ngapi, mama Elsabe?"

"Kumi na moja."

"Ehee! Miti ilale vizuri. Ikilala vizuri itaamka vizuri."

Binti yao Elsabe alikuwa anafanya kazi mbali, huko pwani, kwa hiyo walibaki wawili tu pamoja na mbwa wao, Kiroboto. Nami kupitia ukuta wangu niliwasikia wakicheka, nikajisemea, Magrieta, wewe mjane, hawa wanakufaidisha hata kwa kusikia tu.

Kwetu sisi mtufaha ni kama mtu: usipopata usingizi wa kutosha, hauna kazi kesho yake. Na usingizi wake ni baridi. Kila saa ya baridi nzuri tunaihesabu alama moja, tangu mwezi wa tano hadi mwisho wa mwezi wa nane. Miti yetu inataka alama mia nane. Upepo wa joto ukivuma kutoka nyika kame ya Karoo, tunatoa alama, kwa sababu joto linafuta baridi iliyotangulia. Zisipotimia, ni lazima kunyunyizia mafuta ya kuamsha miti kabla ya machipukizi. Ukikosa baridi na ukakosa mafuta, utavuna majani tu, tena majani yenyewe ya kuhesabu.

Na Izak na Doortjie walihitaji kuvuna. Mwaka uliotangulia mvua ya mawe ilikuwa imewapiga. Sheria ya ushirika wetu ni kwamba shamba lisilozaa miaka miwili mfululizo hupewa mwanachama mwingine. Miti ile waliipanda kwa mikono yao miaka kumi na miwili kabla ya hapo, Doortjie akiwa mjamzito wa mtoto ambaye hakuishi. Mnaelewa basi shamba lile lilikuwa nini kwao.

Sasa sikilizeni lilipoanzia. Mwishoni mwa mwezi wa sita tulikutana ukumbini, kila mwenye shamba atangaze alama zake. Izak akasimama, kofia mkononi, shati limepigwa pasi. Alipenda sana kusimama mbele za watu.

"Windvogel, mia tatu na kumi!"

Doortjie, aliyekuwa karibu nami, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mzee, umesahau kutoa zile siku mbili za upepo. Ni mia mbili na themanini."

Kosa dogo tu. Lakini Floris, mwenyekiti wetu, mdomo wake hauna mlango. Akapiga meza. "Ala! Kumbe mwenye kuhesabu baridi ni mama! Izak, wewe unahesabu mikate?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Na mimi nilicheka, tena sana, sitawaficha. Doortjie hakucheka. Alimtazama mumewe akaona masikio yake yamebadilika rangi.

Nyumbani Izak alimwambia maneno haya, na ndiyo ya mwisho kwa muda mrefu: "Umenivua nguo mbele za watu. Kuanzia leo kipimo ni changu. Neno la shamba lisitoke tena kinywani mwako."

"Izak, nilikuwa nasahihisha hesabu."

"Nimesema."

Asubuhi yake alipanda mlima, akang'oa kisanduku, akakishusha. Magoti yake yalikuwa mabovu, na njia ile ni ya mbuzi. Akakisimika nyuma ya nyumba, kando ya kijito, hatua ishirini kutoka mlango wa jikoni.

Jamani! Kila mtoto wa bonde hili anajua kwamba baridi ni nzito. Usiku inateremka kutoka mlimani na kujikusanya pale chini kwenye maji. Kando ya kijito umande unaganda hadi saa nne, na kule juu kwenye miti nyasi zimekwisha kukauka. Izak alijua. Lakini mtu mwenye hasira hujisahaulisha anayoyajua. Alijiambia kwamba umbali ni mdogo, tofauti itakuwa ndogo.

Nilikiona kisanduku kutoka uani kwangu, nikiwa naanika nguo. Nikasimama na shuka mkononi. Nikasema moyoni, mambo ya mume na mke hayaingiliwi. Nikaanika shuka.

Basi ukimya ukahamia nyumba ile. Walikula meza moja, wakalala kitanda kimoja, hakuna wa kumsemesha mwenzake. Kilichohitaji kusemwa aliambiwa mbwa.

"Kiroboto, mwambie bwana wako chakula kipo."

"Kiroboto, mwambie huyo mama chumvi imezidi."

"Kiroboto, mwambie kama imezidi akapikiwe na Floris."

Mwanzoni nilicheka huku kwangu, maana mbwa mwenyewe alikuwa akigeuza shingo huku na huku kama karani wa mahakama. Baada ya wiki ya tatu kicheko kikaniisha. Hata mbwa hawakumwambia tena. Nilisikia vijiko tu, na kiti kikisogezwa, na mlango. Doortjie alianza kuja kwangu mchana bila shughuli yoyote. Anakaa. Anakunywa chai. Siku moja akaniambia, "Magrieta, wewe huna mtu, lakini unajua kwamba huna. Mimi ninaye, na kila asubuhi nashtuka upya." Nilimwongezea chai.

Alikuwa bado anapanda mlimani, lakini kwa siri, Izak akiwa ameenda dukani. Hakuwa na kipimo, ila alikuwa na mikono na macho ya miaka kumi na miwili. Alikata kijitawi, akapasua chipukizi kwa kucha, akaona ndani bado pagumu na pa kijani kibichi. Miti haikuwa imelala. Mwaka ule upepo wa Karoo ulivuma wiki nzima mwezi wa saba.

Katikati ya mwezi wa nane tukakutana kugawana mafuta. Yalikuja machache, mapipa tisa kwa mashamba kumi na mawili. Kila mtu alitaja alama zake kwa huzuni: mia tano, mia tano na thelathini. Izak akasimama.

"Windvogel, mia tisa na kumi!"

"Mia tisa?" Floris akakodoa macho. "Sisi wote tumeota jua, wewe umelala kwenye barafu?"

"Shamba langu liko juu kuliko yenu. Fungu langu la mafuta gawaneni, mimi sihitaji."

Mnadhani kuna aliyebisha? Nani abishe wakati anaongezewa mafuta? Floris akaandika haraka, watu wakamshukuru Izak, wakamshika mkono. Nami nilipata fungu langu, zuri kabisa, na ndani yake lilikuwamo la jirani yangu.

Nikamgeukia Doortjie, nikamnong'oneza, "Mwambie."

"Aniulize."

"Doortjie, ni shamba lenu!"

"Aliniambia ninyamaze, nimenyamaza. Aniulize mara moja tu, nitamwambia yote. Siwezi kujipeleka nikatupwa tena."

"Basi nitamwambia mimi."

Akanishika mkono kwa nguvu. "Usiniaibishe." Nikaachia hapo. Nilijiambia ninamheshimu, lakini nikiwa mkweli, nilikuwa ninayafikiria pia yale mafuta.

Mwezi wa kumi mashamba yetu yakawa meupe kwa maua, nyuki wanavuma hadi kanisani. La Windvogel lilisimama kama fimbo zilizochomekwa ardhini. Ua moja hapa, ua moja kule, na ncha za matawi zina vijani vichache. Izak alipanda asubuhi na jioni, magoti yake yale yale. Alikwaruza magome. Aliwaambia watu miti imechelewa tu. Mwezi wa kumi na moja hakuna aliyemuuliza tena.

Kamati ya ushirika ikawaita ukumbini, nasi wanachama wote tukaja. Floris siku hiyo hakufanya mzaha hata mmoja.

"Izak, kipimo kilikuwa wapi?"

Izak akavua kofia. "Kando ya kijito."

Hata wazee waliokaa nyuma waliguna.

"Nani mwingine alijua?"

Doortjie akasimama. "Mimi."

Izak akamgeukia. Ndiyo mara ya kwanza kumtazama usoni tangu mwezi wa sita. "Ulijua? Ukaniacha?"

"Ulininyamazisha, Izak. Nikakuacha unyamaziwe. Nilitaka uumie kidogo. Kidogo tu. Sikutaka hivi."

Nikasimama na mimi. "Hata mimi nilijua." Nilitazamia mtu anizomee. Hakuna aliyezomea. Niliona watu wawili watatu wanatazama sakafu, nikafahamu kwamba nao walikuwa wamekiona kisanduku.

Shamba lilichukuliwa. Sheria ni sheria, na tuliipigia kura wenyewe.

Izak na Doortjie hawakuachana. Wanasemezana sasa, tena kwa upole. Wanaulizana habari za mvua, habari za mikate, habari za Elsabe. Lakini wanakaa kama wageni wawili waliofikia nyumba moja. Lile walilokuwa nalo la kusemezana kila asubuhi, halipo tena. Izak anafanya vibarua kwenye mashamba ya watu, naye Doortjie anafuma.

Majira ya baridi yaliyofuata yalikuwa makali ajabu. Alama zilipita elfu moja. Mwezi wa kumi shamba lao la zamani lilichanua lote, juu hadi chini, kwa furaha ya mwenye shamba mpya. Siku hiyo nilimkuta Doortjie amehamishia kiti chake upande wa pili wa nyumba, ameupa mlima mgongo. Nilikaa naye. Sikusema kitu, na safari hii sikuwa na cha kusema.

FUNZO

Ndugu zangu, ugomvi hauvunji nyumba. Kununiana ndiko kunakoivunja. Mume, mkeo akikusahihisha mbele za watu, meza uchungu, kisha mkasemezane nyumbani, kwa maana aliyekusahihisha ndiye aliyekuwa anakusikiliza. Mke, ukilijua la kuwaokoa, liseme hata kama umekatazwa, hata kama hukuulizwa. Kumkomoa mwenzako ni kuchoma paa ulilolala chini yake.

Nanyi majirani, msijifiche nyuma ya neno "hayaingiliwi" kama nilivyojificha. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na sisi tuliuficha uchi wa wenzetu huku tukigawana mafuta yao. Mimi ningeweza kusema maneno manne tu: Izak, kipandishe kisanduku mlimani. Nilikuwa na karibu miezi miwili ya kuyasema.