Jicho Lililopanda Rangi Tanurini

Kigae cha kwanza kutoka tanurini asubuhi ile kilikuwa na kope.

Macho alikiinua kwenye taa. Jina hilo wenzake kiwandani hawakumpa bure: doa la ukubwa wa punje ya chumvi halikumpita. Mchoro ulikuwa wa mistari ya kijivu, uliopigwa picha kutoka kwenye jiwe aliloleta shemeji yake, mchoraji wa kiwanda. Sasa katikati ya mistari palikuwa na jicho lililofumba.

"Printa imeziba tundu," shemeji alisema. "Isafishe."

Akaisafisha. Vigae vibichi vikapita mkandani vikiwa na mistari hafifu, kama maji ya majivu; ndivyo wino wa vigae ulivyo, haupandi rangi mpaka uonje moto. Vilipotoka tanurini, jicho lilikuwa limefunguka nusu.

"Hilo jiwe ulilitoa wapi?" Macho alinong'ona.

"Pangoni. Lilikuwa limefunikwa kitambaa chekundu tu."

"Kitambaa chekundu, na wewe ukafunua? Lo! Umetumaliza, shemeji!"

Akachomoa waya wa printa. Lakini mashine ikaendelea kutema wino, chi, chi, chi, mkanda ukatembea wenyewe, harufu ya udongo mbichi na kinyesi cha popo ikajaa ukumbi mzima, na ndani ya ile chi, chi, Macho akasikia sauti ikimtaja mkewe kwa jina, mkewe mwenye mimba ya kukaribia kujifungua, ikimtaja taratibu kama mtu anayebisha hodi.

Mganga aliitwa. Alikuwa mama mfupi mwenye miwani, hana maneno mengi.

"Vigae vyote vivunjwe, ndipo jiwe lirudi kwao. Kikibaki hata kimoja, mzimu wa jiwe utapita humo utafute pa kukaa. Vyote viko hapa?"

Vyote havikuwapo, na Macho alijua. Vigae vya majaribio ya mchoro huohuo alikuwa amevibeba kimyakimya siku za nyuma, akavitandaza sakafuni chumbani kwake, na msimamizi alikuwa amesimama palepale, mikono kiunoni. Kazi ingeota mbawa. Alijiambia angevivunja mwenyewe jioni.

"Vyote," alisema.

Nyundo zikalia, jiwe likarudishwa, harufu ikakata. Watu wakaanza hata kutaniana. Macho akachukua nyundo moja, akatoka mbio hadi nyumbani.

Mkewe alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda.

"Afadhali umekuja, baba. Umevifanya nini vigae vyetu? Vimekuwa vyeupe pee!"

Macho akatazama sakafu. Hapakuwa na mstari hata mmoja. Nyundo ikamponyoka.

"Na huyu mwanao leo hatulii. Hebu mwone." Akacheka, akafunua tumbo.

Ngozi yote ilikuwa na mistari hafifu, kama maji ya majivu, na juu ya kitovu jicho lililofumba. Macho hakuhitaji taa. Huo ulikuwa mchoro ambao haujaonja moto.

"Mke wangu," alisema, "unajisikiaje?"

"Joto tu," akajibu akijipepea kwa mkono. "Tangu mchana linapanda."