Kipimo cha Sauti Dirishani

Kila siku Mwalimu Magreth alifundisha darasa la sita, pale Ngarenaro, kwa kupaza sauti mpaka koo likamkauka. Nje muziki ulirindima, na mashine ya kukatia vyuma ililia. Aika, mwanafunzi aliyekaa dirishani, hakuambulia kitu.

Mtaa ulishampata wa kulaumiwa: Mzee Paresh, fundi wa mageti. Aika alipowauliza watu kelele ipi inawakera, wote walijibu, "Ya Paresh!" Hata baba yake, Gerson, muuza nguo, alipunguza spika ya dukani kwake kidogo ili ajibu, "Ahamishwe tu!" Mkutano wa mtaa ungeamua Jumamosi.

Mwalimu alimpa Aika kipimo cha sauti, kifaa kinachoonyesha ukali wa kelele kwa namba. Akakimbilia mlangoni kwa Mzee Paresh, akarudi anatamba.

"Mwalimu, tisini na tano! Tumemkamata!"

"Kwani wewe unasomea mlangoni kwa Paresh? Pima pale masikio yako yanapokaa."

Aika akakiweka dirishani. Kikaonyesha themanini. Mchana Mzee Paresh akazima mashine, akaenda kula. Aika akangoja namba ishuke. Wapi! Themanini ileile. Kumbe ni spika ya baba, imeelekezwa shuleni! Baba alipoizima apokee simu, namba ikaporomoka. Mashine iliporudi kulia peke yake, ikapanda kidogo tu. Atamsemaje baba yake mzazi?

Jumamosi, uwanjani shuleni, Aika alisimama mbele ya mkutano.

"Shikamooni. Tumemwonea Mzee Paresh. Kelele inayotuzidi ni ya duka letu."

"Aika! Mbele ya watu?" baba akafoka.

"Njoo usikie mwenyewe, baba."

Wakaingia darasani, spika ikawashwa. Mwalimu akamsomea Gerson sentensi aiandike.

"Nini? Hebu rudia!" akapiga kelele Gerson. Watu wakaangua kicheko, naye mwishowe akacheka. "Loo! Mimi nilijua yangu ni burudani. Mzee Paresh, nisamehe sana. Spika nitaizima wakati wa masomo."

"Yameisha, Baba Aika," akajibu mzee. "Nami nitakata vyuma watoto wakishatoka."

Jumatatu Mwalimu Magreth aliuliza swali kwa sauti ya chini kabisa. Wa nyuma kabisa wakajibu! Darasa likalipuka kwa vigelegele, Aika akabebwa juu juu.

"Haya, nisikilizeni, maana sasa mnasikia," mwalimu akasema akitabasamu. "Kelele ya jirani kila mtu anaijua. Aika amethubutu kuisikia ya kwao. Kabla hujamnyooshea mtu kidole, pima, tena uanzie nyumbani."