Kifaru Kilichotaka Chuma

Mzinga ulikuwa umegeuka tena.

Akberali aliuacha ukitazama dirishani. Alipomaliza kuswali adhuhuri aliukuta umeelekea kiti cha mkewe, Khatija. Kifaru chenyewe, kifaru cha vita, kilikuwa cha karatasi, alichokikata kwa wembe kufuata mchoro wa Warusi wa miaka ya thelathini: dude la tani mia ambalo halikuundwa kamwe. Kilichomponza ni mdomo. Siku alipogundisha bamba la kwanza alikionea huruma, akasema, "Usijali, mimi nitakupa mwili."

Tangu hapo nyumba yao ya ghorofa ya tisa, huko ughaibuni North York, ilinuka grisi, na minyororo ikaburuzwa chini ya sakafu mchana kweupe.

"Baba Sabreen," Khatija alinong'ona, "Jumapili ikikikuta humu, nahamia kwa binti yangu. Na sirudi."

Miaka arobaini na moja ya ndoa, na hakuwa anatania.

Shekhe wa Tanga alielekeza kwa simu: fukiza ubani, soma, kichome, na uache dirisha wazi jini apate pa kutokea. Akberali alifukiza mara tatu. Mara tatu king'ora cha moshi kikalia, wazima moto wakapanda na mashoka yao, meneja wa jengo akaleta barua ya onyo. Alitamani kulia kwa hasira. Jini kamshinda, na jengo nalo limemshinda.

Jumamosi akateremka na kifaru na chetezo hadi kwenye gari lake uwanjani. Akajifungia humo, akasoma, akakichoma kipande kipande huku akikohoa. Vioo hakufungua. Nje ilikuwa nyuzi ishirini chini ya sifuri.

"Shekhe hajui baridi," alijisemea.

Nyumba ikatulia. Kesho yake Khatija alicheka, akavaa koti.

"Nipeleke kwa Sabreen. Kumsalimia tu, sihami."

Akaketi garini, naye Akberali akabaki nje kukwangua barafu kwenye kioo, na hapo akaona matairi yakididimia taratibu kwenye lami, akasikia mlango ukijifunga kwa kishindo cha chuma kizito, akavuta kitasa kwa mikono miwili huku grisi ikimjaa puani na minyororo ikianza kuburuzwa chini ya gari, na kioo kikageuka chuma kuanzia pembeni kuja katikati, hadi kikabaki kijitundu chembamba cha dereva kuchungulia, kile kile alichokikata kwa wembe wake, na ndani yake macho ya Khatija.